Wikiendi za Leuven

Msomaji, ukisikia mtu kaenda kusoma Ulaya, unafikiria raha tupu. Mwaka 2014 nilikaa muhula mmoja Leuven, Ubelgiji, kwenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1425. Kila Ijumaa jioni wanafunzi wenyeji huburuta masanduku hadi stesheni, wanapeleka nguo chafu kwa wazazi. Hosteli tunabaki wageni tu. Ule upweke, we acha tu!

Dawa yetu ilikuwa treni. Nusu saa hivi uko Brussels, na huko kuna Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa: saluni za kusuka, ndizi, kisamvu wanachokiita pondu. Siku nyingine tulikwenda Brugge, tukatembea kando ya mifereji, mkate na jibini kwenye begi. Kila mtu alilipa nauli yake, hakuna cha ofa!

Safari za namna hiyo zinakuonyesha mtu upesi. Nani ananuna mvua ikinyesha? Nani anakusubiri treni ikikuacha? Disko halikwambii hayo. Basi shosti, ukipata nafasi hiyo, Ijumaa usijifungie chumbani. Gonga mlango wa jirani, muulize: kesho twende wapi?