Mbeleko Isiyotupwa

Wahenga walimwasa mzazi aliyefiwa na mwana asitupe mbeleko. Mama mmoja kijana wa Keringet alikuwa ameutii wasia huo kabla hajausikia. Sandukuni mwake mlikuwa na leso ya pamba ambayo haikuwa imeguswa kwa miaka 2. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumbani, usiku wa mvua, kabla miezi yake haijatimia, akaishi siku 3 tu. Leso hiyo ilinunuliwa kwa ajili yake, lakini haikuwahi kumbeba.

Sasa mimba ya pili ilikuwa imefika mwezi wa 8. Siku ya soko aliandamana na nyanya yake, ambaye kwa lugha yao ya Kikipsigis humwita Kogo, kwenda kutafuta nguo za kumpokelea mtoto. Aijuaye Keringet hawezi kuidharau safari hiyo. Mji huo wa Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, umekaa kwenye nyanda za juu karibu na msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Majani chai na viazi hustawi huko kwa sababu ya baridi ile ile inayowatia wazazi hofu.

Haikuwa ajabu basi Kogo kwenda moja kwa moja kwa muuza mablanketi. Alichagua lililokuwa zito kuliko yote, la manyoya ya kiwandani, lenye picha ya simba.

"Hili ndilo," alisema. "Mtoto afungwe barabara, miguu inyoshwe, mikono ibanwe. Bila hivyo baridi itampata, na miguu itaota matege."

Mjukuu hakujibu papo hapo, kwani si adabu kumkatiza mkubwa. Hatimaye alisema kwa upole, "Kogo, blanketi ni zuri, ila lina kazi moja. Mimi natafuta nguo yenye kazi nyingi."

Kauli hiyo ilibeba kiini cha jambo. Leso ya pamba, yenye urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei, hutandikwa mtoto akilala, humfunika akinyonya, humkinga jua njiani na kumbeba mgongoni. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Mtoto akiona baridi huongezwa leso ya pili. Akiona joto hupunguzwa moja. Blanketi zito halina nusu: ama limevaliwa ama limevuliwa. Fauka ya hayo, leso ikichafuka hufuliwa na kukauka upesi, ilhali blanketi zito huweza kushinda kambani siku mbili katika ukungu wa Keringet.

Kuhusu kufungwa barabara, muuguzi wa kliniki alikuwa amemweleza mama huyo kwamba miguu ya mtoto mchanga ikinyoshwa na kubanwa kwa muda mrefu, mfupa wa paja huweza kuteguka kwenye nyonga. Nchini Japani, kampeni ya kuwaasa wazazi waache kuwabana watoto hivyo ilianza mwaka 1975, na visa vya kuteguka nyonga vikapungua mno. Matege ya kuzaliwa nayo aghalabu hunyooka yenyewe mtoto akikua. Akifungwa, basi, kifua kipate nafasi ya kupumua na miguu iweze kujikunja na kupanuka. Alazwe chali, nguo isimpite mabega, na pindi anapoanza kujaribu kujigeuza, asifungwe tena. Joto lake lipimwe kwa kugusa kifua au kisogo, si viganja, ambavyo huwa baridi hata akiwa salama.

Kogo aliyasikiliza hayo yote kimya, kisha akauliza, "Na mgongoni?"

"Mgongoni ni sawa, Kogo. Huko miguu hupanuka."

"Basi huyo muuguzi wako hakuleta jipya. Usiku tuliwafunga, ni kweli. Lakini mchana kutwa walikuwa mgongoni, miguu wazi kama ya chura."

Alikuwa amesema kweli, na lugha yenyewe inamshuhudia. Mbeleko hutokana na kitenzi beleka, yaani kubeba mtoto mgongoni. Katika arusi za Waswahili wa pwani, ubeleko ni zawadi apewayo mama wa bibi arusi, kana kwamba ni shukrani kwa mgongo uliombeba binti. Nguo hupewa jina kwa kazi yake, wala si kwa uzito wake.

Hata hivyo, nguo ya kwanza ya mtoto hainunuliwi sokoni. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, madaktari walianza kuwalaza watoto waliozaliwa kabla ya wakati juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto hao waanzishiwe malezi hayo mara tu baada ya kuzaliwa. Mama yule alipoelezwa hayo kliniki alilia, akizikumbuka zile siku 3. Hakuna aliyejua kama zingeongezeka. Alichojua ni kwamba safari hii atajifungulia hospitalini, na mtoto atawekwa kifuani kwanza, leso ifuate juu.

Walirudi nyumbani na doti 2 za leso pamoja na blanketi moja jepesi, alilolilipia Kogo kwa fedha zake mwenyewe ili asionekane ameshindwa kabisa. Jioni ile mama kijana alifungua sanduku, akaitoa leso ya zamani, akaifua na kuianika. Kogo aliitambua. Hakusema neno. Aliishika ncha moja, mjukuu akashika ya pili, wakaikamua pamoja.