Injini Nayo Inapumua

Jumamosi jioni, ukikaa Madale, unaijua Subaru kabla hujaiona. Inapandisha kutoka Tegeta ikipishana na malori ya saruji, inanguruma, halafu inapiga ile filimbi ya turbo. Vijana wanageuka. Mimi nilikuwa nasikia hela. Kaka yangu alinunua Impreza ya mtumba mwaka uleule aliofikisha nyumba yake kwenye linta, na tangu hapo tofali na injini vikawa vinagombea mfuko mmoja.

Kisha gari likaanza kutoa moshi wa bluu. Oili ikawa inapungua kila wiki, na kijiti cha kuipimia kinajisukuma chenyewe kutoka kwenye tundu lake. Gereji moja ya mjini ikasema ringi zimekwisha, turbo nayo imekufa, tafuta injini nyingine. Bei waliyotaja ilikaribia hela ya mabati aliyokuwa ameitunza wifi. Wifi hakugomba. Aliuliza tu, "Nyumba tunaipaua au hatuipaui?" Kaka akakaa kimya siku mbili.

Tukampelekea mjomba, fundi wa hukuhuku Madale.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Kabla hamjanunua injini, mmeangalia hii inapumuaje?"

Akatueleza. Mlipuko ndani ya silinda unasukuma pistoni chini. Ringi huziba, lakini hazizibi kabisa; hata injini mpya huvujisha gesi kidogo kwenda tumboni, pale krenki inapozunguka ndani ya mvuke wa oili. Gesi hiyo lazima itoke. Gari likiwa linaunguruma taratibu, manifodi inainyonya kupitia vali ndogo na kuichoma upya. Dereva akikanyaga, turbo inajaza manifodi hewa ya kusukumwa, vali inajifunga, na wakati huohuo gesi inayovuja inaongezeka. Inabaki njia moja: mpira unaokwenda kwenye mdomo wa turbo.

Mpira huo ukiziba, tumbo linajaa presha. Presha inasukuma oili kwenye sili na kuinua kijiti. Oili ya turbo, inayorudi chini kwa uzito wake tu, inakosa pa kushukia, basi inapenya kwenye ekzosi na kuwa moshi. Ukiangalia kwa nje, utaapa kwamba injini imekufa.

Na hata njia ikiwa wazi, kuna gharama. Mvuke wa oili unafika kwenye intakula na ndani ya silinda, unapunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, na injini inaanza kugonga. Kompyuta ya gari ikisikia hivyo inachelewesha cheche ili kuiokoa injini. Nguvu uliyoinunulia turbo inarudi ilikotoka.

Kaka alikuwa na picha za Safari Rally kwenye simu yake. Björn Waldegård alishinda mwaka 1984 kwa Toyota Celica ya turbo. Colin McRae akashinda mwaka 1997 kwa Impreza. Kule Nairobi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na turbo hurudisha kinachoondolewa na mwinuko. Kwenye picha hizo kopo halionekani. Lakini kanuni za FIA zinadai kwamba injini ya mashindano inayopumulia nje iwe na chombo cha kudakia oili: lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, lita 3 kwa iliyozidi. Chombo chenyewe kiwe cha plastiki inayopitisha mwanga, au kiwe na kidirisha, ili kilichomo kionekane.

Mjomba alipima mgandamizo. Silinda zote nne zilikuwa karibu sawa. Ringi zilikuwa hai. Alipoufungua mpira, ndani ulikuwa umejaa tope jeusi na kona moja imejikunja. Vali nayo ilikuwa imeganda. Alibadilisha vyote viwili, kisha akafunga kopo lenye kidirisha kati ya injini na turbo, ndani yake akaweka wavu wa kuchuja mvuke. Siku ya tatu moshi ukakata.

"Kopo halitibu ringi," alimwonya kaka. "Likijaa haraka, ujue ugonjwa umeanza kweli. Na presha ya turbo usiiongeze."

Mabati yalipanda. Kaka bado anataka kwenda kushindana, na bado anataka kuongeza presha. Kilichobadilika ni kwamba zamani hali ya injini aliijua yeye peke yake, nasi wengine tuliambiwa tu ikishadai hela. Juzi nilimkuta wifi uani, kainua boneti mwenyewe, kashika tochi ya simu, anasoma kidirisha. Oili ilikuwa kama vijiko viwili. Akarudisha boneti, akaingia ndani kumwambia mumewe kwamba Jumamosi anaweza kwenda.