Kutoka Armok hadi Dwarf Fortress

Dwarf Fortress ni mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji husimamia kundi la vibete wanaochimba mlima, kulima, kutengeneza pombe na kujijengea makao chini ya ardhi. Walioutunga ni ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams. Tarn huandika programu. Zach hubuni hadithi na kushauriana naye juu ya mwelekeo wa kazi. Ulitolewa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 2006, ukiwa umetanguliwa na michezo mingi iliyoanzwa ikaachwa njiani.

Ndugu hao walianza kutunga michezo utotoni, kwa lugha ya BASIC. Mmoja wa ile ya mapema, dragslay, baadaye uliandikwa upya kwa lugha ya C, na katika mkondo huo ukatokea mradi mkubwa zaidi, Slaves to Armok: God of Blood. Huo ulikusudiwa kuunda ulimwengu mzima, wenye viumbe ambao kila kiungo cha mwili wao kinahesabiwa peke yake. Tamaa ndiyo iliyouponza. Kazi ikiwa katikati, michoro ilibadilishwa kuwa ya pande tatu, na programu ikazidi kuwa ngumu kuitengeneza. Haya yote yalifanyika pembeni mwa masomo, kwani Tarn alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliyoipata mwaka 2005.

Ili kupumzika na Armok, Tarn aliandika michezo midogo. Mmojawapo, Mutant Miner, ulihusu uchimbaji wa mahandaki chini ya majengo na ulichezwa kwa zamu. Wazo la kuongeza wachimbaji lilivutia, lakini kuwapa zamu mmoja mmoja kungeuchosha mchezo. Vibete wanaojituma wenyewe wakachukua nafasi yao. Hiyo ilikuwa Oktoba 2002, na makadirio yalikuwa kwamba kazi ingechukua miezi miwili. Ikawekwa kando, kama nyingine.

Mwaka 2004 mambo yaligeuka: Tarn aliamua kuisimamisha Armok na kuufanya mchezo wa vibete kuwa kazi kuu. Uamuzi huo unaweza kuonekana kama kushindwa kwingine, ila safari hii kilichopunguzwa ni sura tu. Michoro ya pande tatu iliondolewa, na ulimwengu wote ukaonyeshwa kwa herufi na alama: kibete ni kiuso chenye tabasamu, paka ni herufi c. Nguvu iliyookolewa huko ilikwenda kwenye mahesabu ya ndani, yaani hali ya hewa, majeraha, kinyongo na historia ya karne nyingi. Armok wenyewe haukutupwa. Jina kamili la mchezo mpya liliutaja kuwa sura ya pili ya Armok.

Mwaka 2006 Tarn aliacha kazi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Texas A&M akiwa katika mwaka wake wa kwanza. Mchezo ulitolewa bure, na ndugu hao wakaishi kwa michango ya wachezaji. Undani wake ulizaa hitilafu ambazo mchezo wa kawaida hauwezi kuwa nazo. Baada ya vilabu vya pombe kuongezwa, paka walianza kufa: walikanyaga pombe iliyomwagika, wakajilamba miguu, na programu ikahesabu kila mlambo kama kikombe kizima. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la MoMA la New York liliuingiza mchezo huu katika mkusanyiko wake.

Kuuza kulikuja baadaye sana, na sababu yake ilikuwa ya nyumbani. Zach alitibiwa saratani ya ngozi, na gharama za matibabu nchini Marekani ziliwaonyesha kwamba michango pekee si kinga ya kutosha. Mwaka 2019 walitangaza toleo la kulipia lenye picha, kwa kushirikiana na kampuni ya Kitfox Games. Liliingia sokoni tarehe 6 Desemba 2022 kwa dola 29.99, na nakala takribani nusu milioni zikauzwa mwezi huohuo. Toleo la herufi linaendelea kutolewa bure. Katika mpango wa namba wa Tarn, namba ya toleo hukadiria asilimia ya kazi iliyokwisha. Lile lililoingia sokoni lilipewa namba 50.