Umri wa Kushika Kalamu

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka mitatu nilimnunulia sare, mkoba na kalamu ya risasi, nikampeleka katika shule ya chekechea iliyokuwa karibu na nyumba yetu, Kayole. Mimi ni mwalimu. Chuoni nilifundishwa kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto wa umri ule, na mtihani wa somo hilo niliufaulu vizuri. Lakini majirani walikwisha kuwapeleka watoto wao, na hofu ya kuachwa nyuma ni maradhi yasiyochagua msomi wala asiyesoma.

Shule ile ilikuwa chumba kimoja cha mabati katikati ya majengo ya ghorofa. Watoto walibanana juu ya mabenchi, wakiimba herufi na tarakimu tangu asubuhi hata adhuhuri. Jioni mwanangu alirudi na kurasa mbili za kunakili. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kushika kijiko sawasawa, seuze kalamu! Baada ya miezi miwili alianza tena kukojoa kitandani, na kila alipoiona sare yake imeanikwa kambani alilia. Nilipolalamika, mwenye shule alinijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Nilinyamaza, ingawa mimi ni mtu wa ziwa, na nimepata kuona samaki mbichi aliyekatika kwa kukunjwa.

Nilimtoa. Mwaka mzima alishinda na bibi yake, akicheza brikicho, akipanga vizibo vya soda kumi kumi, akihesabu ngazi za ghorofa. Alipoingia darasa la awali, mwenye miaka minne, alikuwa anajua kuhesabu.

Msomaji, usidhani kwamba nasifu kuchelewa. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, Januari 2003, chekechea haikuhesabiwa, na wazazi wengi waliwaweka watoto nyumbani hata umri wa darasa la kwanza. Ndugu yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikaa darasani wiki nyingi bila kutamka neno, kwa kuwa hakuzoea kukaa na watoto wageni. Katika mtaala ulioingia madarasani mwaka 2019, mtoto huanza masomo ya awali akiwa na miaka minne, na Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Ufini humngoja hata saba.

Ningekoma hapa, kama si jirani yangu mmoja anayeuza sukuma wiki. Hutoka kabla ya alfajiri kwenda Marikiti. Nilipomsimulia habari za mwanangu alicheka, akasema, "Mwalimu, wako ana bibi. Wangu nimwachie nani?" Binti yake alikuwa na miaka miwili na nusu. Herufi hazikumshughulisha mama yule hata kidogo; alitaka mlango unaofungwa, kikombe cha uji, na mtu mzima wa kumtazama mtoto. Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeacha kuuliza mtoto aende shule lini. Nauliza akifika atakuta nini.

Jumamosi moja nilimpelekea mwalimu wa binti yule mfuko wa vizibo. Alinishukuru kwa adabu, kisha akaniuliza kurasa za kunakili zitaandikwa saa ngapi, maana wazazi hukagua madaftari kila jioni.