Siku Tatu za Nakuru

Mwezi uliopita tulijaaliwa kusafiri hadi Nakuru, sisi tunaoandika safu hii pamoja na mama wa watoto wetu. Tulipanda garimoshi Mombasa, tukalala Nairobi, na asubuhi yake gari likatuteremsha katika Bonde la Ufa, likapita Naivasha na Gilgil, hata Ziwa Elmenteita likatokea upande wa kushoto likimeta kama sinia. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Pwani hahitaji kuambiwa hayo; akishuka garini saa kumi na moja ya jioni mifupa yake itamweleza.

Kilichotupeleka kilikuwa ujumbe wa simu. Ulitoka kwa mwanafunzi wetu wa zamani, aliyesoma kwetu madrasani akiwa msichana, akaolewa bara, na sasa ni mama wa watoto wanne. Aliandika kwa adabu yake ile ile: "Maalim, Ijumaa baada ya swala nahitimu msahafu, inshallah. Ningependa uwepo." Tuliusoma ujumbe ule mara tatu, kwani kuhitimu kwake kulikuwa deni juu yetu, na deni hilo lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Tutalieleza mahali pake.

Siku ya Alhamisi tulikwenda kulitazama ziwa. Tangu utotoni tumeliona Ziwa Nakuru katika kalenda za ukutani, ukingo wake mzima umefunikwa na heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, maelfu kwa maelfu. Tulipofika tuliwaona wachache tu, mbali, kama petali zilizopeperushwa na upepo. Karibu nasi ilisimama migunga iliyokufa, miguu yake majini, matawi yake meupe kama chokaa. Mama watoto akauliza, "Ndio hawa tuliowafuata?"

Mwenyeji wetu alitueleza. Ziwa hilo ni la kina kifupi, maji yake ni ya magadi, na halina mto wa kulitoa maji. Katika miaka ya 1990 lilikaribia kukauka. Kisha, tangu mwaka 2010 au karibu na hapo, maji yalianza kupanda, yakaizamisha miti ya kando, yakalifikia lango la zamani la hifadhi na ofisi zake, na familia zilizoishi jirani zikalazimika kuhama. Maji mengi yakaipunguza nguvu ile magadi, na mwani mdogo mno ambao heroe humla ukapungua pamoja nayo. Basi heroe wengi wakaenda kutafuta riziki Bogoria na katika maziwa mengine ya bonde hilo.

Tulikaa pale karibu saa nzima tukilipima ziwa kwa picha ya kalenda na kuliona limepungukiwa. Mama watoto ndiye aliyetushika bega atuonyeshe mwari, kundi zima, wakiogelea kwa safu na kuzamisha midomo yao kwa pamoja kana kwamba kuna imamu anayewaongoza. Walikuwa mbele ya macho yetu muda wote ule.

Alasiri tulichukuliwa upande wa Njoro, penye kasri la Maurice Egerton, kabaila wa Kiingereza aliyehamia Kenya wakati wa ukoloni. Wasimulizi wa pale husema kwamba alikuwa na mchumba aliyekuja kuiona nyumba yake ya awali, akaidharau kuwa ni ndogo mno kwa hadhi yake, akaenda zake. Ndipo bwana yule akaazimia kujenga nyumba ambayo hapana mwanamke angeweza kuitia kasoro. Kisa tunakipokea kama tulivyosimuliwa. Jengo, kwa hakika, lipo. Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukasimama kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, ukamalizika mwaka 1954. Vyumba ni 52. Mbao na marumaru vilivukishwa bahari kutoka Ulaya. Upo ukumbi wa dansi, na ndani yake kinanda kikubwa cha mabomba. Mwenyewe hakuoa kamwe. Inasimuliwa pia kwamba aliwapiga marufuku wanawake kukanyaga ardhi yake. Mwaka 1958 alifariki, baada ya kukaa miaka minne tu katika nyumba iliyomchukua miaka kumi na sita. Siku hizi watu hulikodi kasri hilo kwa arusi, jambo ambalo sijui kama mwenyewe angecheka au angelia.

"Mchagua nazi hupata koroma," alisema mama watoto tukishuka ngazi.

Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1939, ujenzi wa kasri ukiwa ndiyo kwanza umeanza, alitoa ardhi huko huko Njoro ianzishwe shule ya ukulima. (Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe kabla yake, na hilo tusilisahau.) Shule ile haikungoja marumaru. Ilianza na dosari, tena dosari kubwa, kwa kuwa ilikuwa ya vijana wa Kizungu peke yao. Baadaye ilikua ikawa chuo cha stashahada, milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kimesomesha maelfu ya wana wa nchi hii, wakiwemo wa kutoka kwetu Pwani. Kasri lilizuiliwa lisitumike mpaka litimie. Shule ilitumika, na katika kutumika ikarekebishwa.

Tukiwa tumesimama katika ukumbi ule mtupu, deni letu lilitujia kifuani.

Binti yule alimaliza msahafu akiwa na miaka kumi na mitano. Kilichobaki kilikuwa hafla: asome mbele ya wazee, aombewe dua, watu wale halua. Mama yake alikwisha kushona nguo. Sisi tukasema bado. Herufi ya dhaad ilikuwa haijamkaa, na ulimi wetu Waswahili huigeuza kuwa dh ya kawaida. Sisi wenyewe, tukisema kweli, tuliipata tukiwa watu wazima. Kila alipokosea tuligonga mkeka kwa kidole, naye akarudi mwanzo wa aya. Mwaka wa pili dhaad ikawa afadhali, tukaona kasoro katika ghunna. Mwaka wa tatu ikaja posa, akaolewa, akaondoka pasi na kuhitimu. Baada ya muda tulisikia kwamba hasomi tena kwa sauti. Katika vikao vya akina mama, juzuu ikimfikia huipitisha kwa jirani yake. Nasi miaka yote hiyo tulikuwa tukijisifu kwamba madrasani kwetu hahitimu mtu mwenye dosari.

Dini yetu inatuhimiza kuitenda kazi kwa ustadi, na tajwidi ni haki ya Qur'ani. Hatuandiki haya ili mtu aidharau. Lakini tumepokea pia kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba anayesoma kwa kukwama na kwa taabu ana malipo mawili. Hadithi hiyo tuliisomesha kila mwaka. Tuliisomesha, kisha tukaendelea kugonga mkeka.

Ijumaa, baada ya swala, tulikwenda Bondeni, mmojawapo wa mitaa ya zamani ya Nakuru. Sebule ilikuwa imejaa akina mama, nasi tukawekewa kiti varandani, karibu na dirisha lililo wazi. Wahitimu walikuwa wanane. Mkubwa wao alikuwa bibi aliyeanza alifu akiwa amekwisha kupata wajukuu. Mwalimu wao, mwanamke wa makamo, alikuwa na utaratibu ambao hatujawahi kuufuata: msomaji akikosea humwacha aifikishe aya mwisho, ndipo humrudia neno lile moja kwa sauti ya chini, na msomaji hulisema upya akaendelea. Hapana kurudi mwanzo. Bibi yule alikwama mara nyingi, wenzake wakamngoja, na alipofika mwisho vigelegele vilipaa hata watoto wa njiani wakachungulia.

Mwanafunzi wetu alikuwa wa mwisho, na fungu lake lilianza na Wadhuha. Kabla ya kusoma alikuja dirishani.

"Maalim," alisema, "dhaad yangu ni ile ile."

Tulikuwa tumeandaa maneno tangu Mombasa, nayo yote yalitupotea. Tukamwambia, "Mwanangu, tulikukosea. Ulistahili kuhitimu tangu mwaka ule wa kwanza. Tusamehe."

Alinyamaza kitambo, ncha ya mtandio wake mkononi. "Mama yangu alikufa akiingoja siku hii," akasema. "Mimi nimekusamehe, Maalim. Yeye muombee dua."

Kisha akarudi akakaa mkekani. Alisoma. Dhaad ilikuja kama alivyosema, na kidole chetu kilikwisha kunyanyuka juu ya mkono wa kiti kabla hatujajua. Tukakikamata kwa mkono wa pili, tukakishika hivyo mpaka sura ikamalizika. Alipofika mwisho hatukumsikia tena herufi. Tulimsikia yeye. Mama watoto alikuwa ndani pamoja nao, na kigelegele cha kwanza tulikijua kuwa ni chake.

Baada ya dua ilitoka chai ya maziwa na mahamri, na mbaazi za nazi ambayo, kama tulivyoambiwa, ilitumwa kutoka Mombasa kwa basi. Yale mahamri mengine yalikuwa yameungua upande mmoja. Tulikula matano.