Maji ya Kaniki

Ukiacha weupe, weusi na wekundu, rangi za Kiswahili karibu zote zina wenyewe. Kijani ni ya jani, kijivu ni ya jivu, kahawia ni ya kahawa, na zambarau bado inadondoka mtini. Mshairi anayetaja rangi hutaja kitu. Nimeyafikiri haya kwa sababu ya birika la perege nililojenga uani kwangu, hapa Kilwa Kisiwani, baada ya kustaafu ualimu.

Jua likikaza, maji yake hugeuka kijani. Mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka ng'ambo, aliniletea chupa mbili za rangi ya kutia majini: moja ya buluu, moja nyeusi.

"Mjomba, chagua. Ya buluu inapendeza, kama bwawa la hoteli."

Kazi yake si urembo tu. Rangi hiyo huzuia nuru isishuke, na mwani (si huu wetu unaolimwa baharini, bali ule mwembamba wa madimbwi) hukosa mwanga wa kukulia. Utando uliokwisha kuelea juu haudhuriki, na katika maji ya kufika kifundoni ni kazi bure. Birika langu lanifika kiunoni.

Basi buluu ni ya nani? Neno lilitujia na Waingereza, likapata makao katika beseni la kufulia nguo nyeupe. Samawati ni ya mbingu, tangu Kiarabuni ilikotoka. Nili ni ya mmea, nayo ndiyo iliyokoleza kaniki hata jicho likashindwa kuamua: buluu au nyeusi? Bibi yangu hakusumbuka na swali hilo. Ilikuwa rangi ya kaniki, basi.

Nilikwenda Husuni Kubwa kutazama birika la pembe nane katika jumba linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331. Jumba limekaa juu ya mwamba, bahari ikiwa chini yake. Nikaona kwamba buluu yoyote ya chupa, mbele ya bahari ile, ingekuwa kama vina vya kuazima. Kisiwa kizima kimezungukwa na buluu yenye mwenyewe. Ya kununua ningeipeleka wapi?

Nikatia nyeusi. Maji meusi hayaonyeshi sakafu. Huonyesha kilicho juu yake. Asubuhi birika ni samawati, jioni ni chungwa, na mnazi wa jirani umelala humo kichwa chini. Mpwa wangu alinuna siku moja, kisha akaanza kulipiga picha.

Mke wangu analalamika kwamba hawezi tena kuwahesabu perege mpaka wapande kula. Nami sitosheki na neno "nyeusi". Kwa sasa nayaita maji ya kaniki. Mwenye neno lililo bora, au ubeti, anijuze kabla ya masika, maana birika likifurika rangi nayo itaondoka.