Ubao Huulizwa kwa Maji



Binti yetu alipotimiza miaka 11 alituomba chombo. Hakuomba simu wala baiskeli. Aliomba kidau chenye tanga, cha kumtosha yeye peke yake, akakiendeshe katika hori ya Kilifi anayoiona kila asubuhi aendapo madrasa. Tulinyamaza. Katika nyumba yetu ombi hilo lilikuwa zito kuliko alivyoweza mtoto kujua. Mmoja wetu ni binti wa fundi wa vyombo aliyejifunza kazi yake Matondoni, Lamu. Na nduguye wa kiume, mjomba ambaye mtoto huyu hakumdiriki, alitoka kwenda kuvua mwanzoni mwa kusi, miaka 14 iliyopita, wala hakurudi. Tangu siku ile bahari ilikuwa kwetu ni jirani wa kuamkiwa kwa mbali. Bibi hakuteremka tena pwani, hata kununua samaki.

Tulimwambia mtoto kwamba tutafikiri, nasi kweli tulifikiri kwa miezi miwili. Mwisho tukaona kuwa mtoto wa pwani hakosi kuingia majini, na akikatazwa mbele yetu huenda akaingia nyuma yetu, katika mtumbwi wa mtu tusiyemjua. Tukamwekea sharti la kujifunza kuogelea kwanza. Alijifunza pamoja na shangazi yake, katika mavazi yenye sitara, maji yalipokuwa mafu na pwani haina watu wengi. Baada ya miezi kadhaa akawa anaogelea mita 50 na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Sharti likatimia, na ahadi ni deni.

Babu, kwa mazoea yake, angetaka kuunda kidau cha mbao nzito, chenye mkuku na mataruma ya mkoko. Chombo kama hicho huishi miaka mingi, lakini mtoto hawezi kukivuta juu ya mchanga, na kikipinduka hawezi kukiinua. Kwa mtoto, wepesi wa chombo ni sehemu ya usalama wake. Kwa sababu hiyo tuliamua kutumia plaiwudi.

Jambo hili wengine wamelitangulia. Mwaka 1947, huko Clearwater, Florida, Marekani, mjenzi wa mashua aitwaye Clark Mills alibuni kidau cha watoto cha plaiwudi kilichopewa jina la Optimist. Urefu wake ni mita 2.3 hivi, na bodi lake lina uzani wa kilo 35. Alikiumba kifupi ili kitoke katika shiti za kawaida za futi 4 kwa 8, na mzazi aweze kukiunda penye gereji ya nyumbani. Leo watoto wa nchi nyingi hujifunzia humo. Kisha, katika miaka ya mwanzo ya 1960, Waingereza Jack Holt na Barry Bucknell wakabuni Mirror, mashua ya plaiwudi ambayo vipande vyake huunganishwa kwa kushonwa: hutobolewa matundu ukingoni, hupitishwa waya wa shaba, husokotwa, kisha maungio hupakwa gundi na kufunikwa utepe wa faibaglasi.

Tulipomsomea Babu habari hizo alicheka. "Kumbe mwashona!" akasema. "Na mtepe je, ulikuwa ukipigiliwa misumari?" Alisema kweli. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Hata mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza waliandika kwamba katika pwani hii waliona vyombo vilivyoshonwa. Basi Babu, ambaye tulidhani angeidharau plaiwudi, akawa ndiye msimamizi wa kazi.

Tulinunua shiti tatu za milimita 6. Muuzaji alituhakikishia kwamba ni plaiwudi ya majini, na bei yake ilitufurahisha. Babu aliuliza swali moja tu: "Mmeichemsha?" Alikuwa ametuambia mapema tukate kipande, tukichemshe kwa saa moja, tukikaushe, kisha tukichemshe tena, kikisalimika, gundi iliyomo baina ya tabaka zake haiogopi maji. Tukamjibu kwamba muuzaji amekwisha kutuhakikishia. Babu akasema, "Ubao hauulizwi kwa muuzaji. Ubao huulizwa kwa maji." Tuliitikia kwa adabu, wala hatukuchemsha. Tulikuwa na haraka. Mtoto alikuwa likizoni, na sisi tulitaka kumwona akifurahi.

Kwa Jumamosi tatu ua wetu ulikuwa karakana. Tulichora, tukakata, tukatoboa. Binti yetu alipitisha waya, na mikono yake midogo ilifika pembeni ambako yetu haikufika. Sakafu ikakutana na mbavu, omo ikasimama, tezi ikafungwa. Jioni ya Jumamosi ya tatu kidau kilikuwa na umbo, na upande mmoja wa maungio ulikwisha pakwa gundi ya epoksi. Mtoto aliketi ndani, juu ya mchanga wa ua, akashika usukani wa hewani.

Siku chache baadaye Bibi alituita jikoni. Alikuwa amechukua kipande kilichobaki akakifanya kifuniko cha mtungi wa maji. Kipande kile kilikuwa kimeachana tabaka tabaka kama chapati. Hakusema neno, alikiweka mezani akaondoka. Usiku huo tulichemsha kipande kingine. Hakikumaliza hata saa moja ya kwanza.

Hapa, ndugu wasomaji, tunakiri jambo tunaloliona aibu. Tulikaa barazani sisi wawili, mtoto amelala, tukaanza kutafuta njia ya kutobomoa. Fedha zilikwisha tumika. Mmoja wetu alisema kwamba epoksi na rangi vitafunika kila mahali, maji hayatapata mlango. Mwingine akasema kwamba ni kidau cha kuchezea ukingoni tu, si cha kwenda kilindini. Maneno hayo yalikuwa matamu, na tulikuwa karibu kuafikiana.

Babu alikuwa amekaa gizani upande wa pili, na tasbihi yake mkononi. Alitusikiliza hadi tukanyamaza, kisha akazungumza polepole. Alisema kwamba katika mashua ya mwanawe palikuwa na ubao mmoja, karibu na mkuku, uliokuwa umeanza kulainika. Yeye aliuona, akaubonyeza kwa kidole, na mwanawe akauona. Wakaafikiana kwamba utabadilishwa kusi likitulia, na kwa sasa utiwe kalafati. "Sijui kama ubao ule ndio uliomtwaa," akasema. "Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini niliujua. Miaka yote hii watu wananipa pole, nami nasema alhamdulillahi, na moyoni naubonyeza ubao ule kwa kidole."

Hakuna aliyejua habari hiyo, hata Bibi. Binti yake alikwenda akaketi karibu naye, akamshika mkono, na hapakuwa na la kuongeza. Hatukuzungumza tena habari ya rangi.

Kumwambia mtoto kulikuwa kugumu kuliko kuamua. Tungeweza kusema kwamba kidau kimeharibika chenyewe, au kumlaumu muuzaji. Tulimweleza kwamba Babu alituonya, na sisi tukapuuza kwa haraka yetu. Alilia, akakaa siku mbili akitujibu kwa maneno mafupi. Siku ya tatu alimfuata Babu akamwuliza kama vipande vile vinaweza kuwa vielelezo vya kukatia vipya. Babu akamwambia ndivyo mafundi wafanyavyo. Wakachukua koleo, wakakata waya mmoja mmoja, wakatenganisha upande ambao haujapakwa gundi, na ule mwingine wakaupimia pale pale. Mabaki yamekuwa banda la kuku.

Plaiwudi mpya tuliinunua baada ya miezi minne, ilipofika zamu yetu katika mchango wa chama cha kina mama. Safari hii tulichemsha kipande mara mbili kabla ya kulipia shiti zote, na tukatazama kingo zake zisiwe na mianya ndani. Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza. Epoksi ichanganywe kwa kipimo halisi na kwa kiasi kidogo kidogo, maana kwa joto letu huganda kikombeni kabla ya kufika kwenye ubao. Vaeni glavu, fanyeni kazi penye hewa, na mtoto asiishike ingali majimaji. Wakati wa kupiga msasa fungeni pua na mdomo kwa barakoa. Tundu lolote litakalotobolewa baadaye lipakwe ndani, kwa kuwa maji hupitia pale mlipopasahau. Na chini ya kiti na pembeni fungeni madebe ya plastiki matupu yenye vizibo madhubuti, ili chombo kikijaa maji kiendelee kuelea. Tanga tulilishona nyumbani kwa cherehani, nguo nyepesi, mita za mraba 3. Kidau kilipokamilika kilipimwa mizani kikawa kilo 36. Watoto wawili wanakibeba.

Siku ya kukishusha hatukumwacha atweke tanga. Tulikwenda nacho penye maji ya kiunoni, yeye amevaa jaketi la kuokolea, tukakipindua makusudi. Alikiinua, akapanda, akafua maji kwa kopo. Tukakipindua tena na tena mpaka akachoka kuogopa. Wako waliosema kwamba tumemtegemea Mungu kidogo mno kwa maandalizi yote yale. Hadithi ya bedui na ngamia wake sote tumeisoma chuoni. Sisi tulifunga kamba kwanza. Wako pia waliouliza mtoto wa kike na mashua wapi na wapi. Babu aliwajibu kwamba maji hayaulizi.

Sasa anaendesha siku za Jumamosi, ndani ya hori tu, upepo ukiwa wa wastani, na mmoja wetu yuko ukingoni na mtumbwi. Lakini siku tunayoikumbuka zaidi ni ile ambayo hakuendesha. Ilikuwa asubuhi njema, matlai yanavuma taratibu, wenzake wawili wamekuja kumtazama. Alikikagua kidau kama alivyofundishwa, akipitisha kidole kwenye maungio kutoka omo hadi tezi. Alisimama karibu na tezi, akabonyeza, akabonyeza tena. Palikuwa na ufa mwembamba kwenye utepe, mtu mwingine asingeuona. Aliwatazama wenzake, akalitazama tanga, kisha akaita, "Babu, hapa pana kitu."

Babu aliteremka, akainama, akaweka kidole pale alipoweka yeye. "Ndiyo," akasema, "pana kitu." Wakakiinua kidau, wakakirudisha uani. Bibi alikuwa amesimama juu ya ngazi za kuteremkia pwani, mahali ambapo hakuwa amefika kwa miaka 14. Aliwapisha wapite, kisha akauliza kidau kitakuwa tayari lini.

Wabillahi tawfiq.